Mzigo Mmoja, Hesabu za Nchi Mbili

Takwimu za mbao zinazoingia Ulaya zinaanzia kwa watu wa kazi yangu. Mimi ni wakala wa forodha hapa Antwerp, na mzigo niliouzoea kuliko wote ni mbao ngumu: sapelli ya Kameruni na ya Kongo zote mbili, iroko ambayo Afrika Mashariki inaitwa mvule, azobé nzito ya Kameruni, meranti ya Malaysia, ipe ya Brazili, na afrormosia inayotoka misitu ya nyumbani kwetu, mkoa wa Tshopo, Kongo-Kinshasa. Kwa kila shehena najaza tamko la forodha: namba ya bidhaa, uzito kwa kilo, ujazo kwa mita, nchi ya asili, na utaratibu utakaotumika kuutoa mzigo bandarini. Tamko likishapokelewa, taarifa zake zinakwenda kwa watu wa takwimu. Huko zinajumlishwa na za mawakala wengine, na baada ya muda linatoka jedwali. Mwanafunzi, mwanaharakati au waziri atalishika jedwali hilo na kutangaza kwamba Ubelgiji inaingiza mbao nyingi kuliko Uholanzi, au kwamba Uholanzi imejirekebisha na Ubelgiji haijajirekebisha.

Mtoto wa kaka yangu, anayesoma mambo ya misitu Kisangani, aliwahi kuniletea mistari miwili aliyoichora kutoka kwenye majedwali ya aina hiyo, mmoja wa kila nchi. Akauliza: “Shangazi, mbona Wabelgiji wanaumaliza msitu wetu kuliko Waholanzi?” Aliuliza kwa uchungu, na uchungu huo ni wangu pia. Baba yetu alifanya kazi kwenye kiwanda cha kupasulia magogo kando ya mto. Tulikua tukiona matishali yakiondoka na mbao kuelekea Kinshasa, safari ya maji ya kilomita zipatazo 1,700, na kutoka Kinshasa mbao zinakwenda kwa barabara au reli hadi Matadi, ndipo zikutane na meli. Nisingependa mtu yeyote achukulie swali lile kwa wepesi. Lakini mistari yake haikuwa na uwezo wa kulijibu. Ilionyesha mahali mbao zilipotolewa forodhani. Mahali zilipotumika ni habari nyingine, na kati ya nchi hizi mbili pengo la habari hizo ni pana kuliko watu wanavyodhani.

Nieleze kwa mzigo mmoja wa aina ninayoipitisha mara kwa mara. Kiwanda cha mashariki mwa Kameruni kimepasua sapelli, kimeikausha kwenye tanuru, kimeifunga vitita, na vitita vimepakiwa Douala. Atakayezitumia mbao hizo ni fundi wa madirisha na milango kusini mwa Uholanzi, mkoa wa Noord-Brabant. Meli inafunga gati Antwerp. Meli za Afrika Magharibi na Kati zimeizoea bandari hii tangu zamani, na huku ndiko kuna maghala yaliyojengwa kwa ajili ya mbao, matanuru, na makarani wanaoweza kutazama ncha ya ubao na kukuambia kama ni sapelli au ndugu yake sipo. Kutoka hapa hadi karakana ya fundi yule ni mwendo mfupi wa lori.

Mzigo huo una njia tatu. Naweza kuufungulia hati ya T1. Hapo unapita Ubelgiji ukiwa bado chini ya ulinzi wa forodha, unavuka mpaka, na unatolewa Uholanzi. Ubelgiji haiuandiki kabisa kama uagizaji. Uholanzi inaandika sapelli ya Kameruni. Au mfanyabiashara wa Antwerp anaununua yeye, nami nautoa kwa utaratibu wa kawaida, ule tunaouandika 40 00. Unamalizwa kila kitu hapa na kuingia ghalani, na Ubelgiji inaandika sapelli ya Kameruni. Miezi mitatu baadaye fundi wa Brabant anapiga simu, anachukua kitita kimoja, mwezi unaofuata kingine. Vitita vinavuka mpaka ambao hauna forodha. Kama mnunuzi ni mkubwa kiasi cha kulazimika kutoa taarifa ya biashara ya ndani ya Umoja wa Ulaya, Uholanzi itaandika kwamba imepokea sapelli kutoka Ubelgiji, nchi isiyo na hata mche mmoja wa sapelli msituni. Kama ni mdogo, mzigo wake unaingia kwenye makadirio ya jumla na jina la mti linapotea.

Njia ya tatu ndiyo inayowachanganya zaidi wanaosoma majedwali. Ni utaratibu wa 42. Mzigo unatolewa Ubelgiji, na ushuru kama upo unalipwa Ubelgiji, lakini kodi ya ongezeko la thamani haidaiwi hapa, kwa kuwa mzigo unakwenda moja kwa moja kwa mnunuzi wa nchi nyingine ya Umoja. Hakuna Mbelgiji aliyeununua. Hakuna ghala la Ubelgiji lililoulaza hata usiku mmoja. Hata hivyo Ubelgiji inauhesabu kama uagizaji wake, kisha inauhesabu tena kama mauzo yake kwenda Uholanzi.

Dirisha litakalotoka kwenye mbao hizo ni lile lile kwa njia zote tatu, na litafungwa kwenye nyumba ile ile ya Eindhoven au Breda. Anayechagua njia ni mteja wangu, na sababu zake hazihusiani na msitu hata kidogo. Wakati mwingine ni kodi: Uholanzi ina kibali kiitwacho cha kifungu cha 23, kinachomruhusu mwagizaji kuandika kodi ya ongezeko la thamani kwenye hesabu zake za kila kipindi badala ya kutoa fedha taslimu mzigo unapofika. Kwa mtu mwenye makontena mengi baharini, fedha hizo kutokukwama ni jambo kubwa. Wakati mwingine ni karani tu wa upande mmoja anayejibu simu haraka kuliko wa upande mwingine. Nimewahi kuona mteja akihamisha mizigo yake yote kutoka nchi moja kwenda nyingine kwa sababu ya foleni za ukaguzi, na mwaka uliofuata mabadiliko ya nchi hizo mbili kwenye jedwali yakaelezwa, katika mkutano nilioalikwa, kama mabadiliko ya ladha ya walaji.

Wataalamu wa takwimu wanalijua tatizo hili vizuri, na kwa haki yao niseme hawalifichi. Wanaliita athari ya Rotterdam, na wengine huongeza jina la Antwerp. Benki ya Taifa ya Ubelgiji, inayotoa takwimu za biashara ya nje ya nchi hii, hutoa mifululizo miwili: mmoja kwa dhana ya jumuiya, unaobeba kila kinachotolewa forodhani hapa, na mwingine kwa dhana ya kitaifa, unaoondoa mizigo ambayo hakuna mkazi wa Ubelgiji aliyehusika nayo. Ofisi ya takwimu ya Uholanzi nayo hutenganisha bidhaa zinazouzwa tena nje na zile zinazopita tu. Kasoro iko kwetu sisi tunaosoma. Hifadhidata ya Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, ambayo kila mtu anaiendea kwa sababu ni ya bure na ina nchi zote mahali pamoja, inatumia dhana ya jumuiya. Ukichukua Ubelgiji na Uholanzi humo bila kujua hilo, unalinganisha bandari ukidhani unalinganisha wananchi.

Anayetaka kuona jinsi mpaka huu ulivyo mwembamba atazame ramani. Meli haiwezi kufika Antwerp bila kupita Westerschelde, mkono wa bahari ulio ndani ya Uholanzi. Kila kitita cha afrormosia nilichowahi kukitolea tamko kama mzigo wa Ubelgiji kilisafiri kwanza kwenye maji ya Uholanzi. Upande wa magharibi kidogo, bandari za Vlissingen na Terneuzen za Uholanzi ziliungana mwaka 2018 na bandari ya Ghent ya Ubelgiji, zikawa mamlaka moja iitwayo North Sea Port. Ni bandari moja, yenye uongozi mmoja, na vitabu viwili vya takwimu.

Nimesema haya yote kwanza kwa sababu bila hayo tofauti ya kweli kati ya nchi hizi haionekani. Tofauti ipo, na ni ya kale.

Waholanzi wananunua mbao ngumu kwa ajili ya maji. Karibu robo ya nchi yao iko chini ya usawa wa bahari, nayo nchi inahitaji kingo za mifereji, magati madogo, nguzo za kufungia meli, na milango mikubwa inayofungua na kufunga maji ili mashua zipande na kushuka. Maji hayo yana adui anayefahamika kwa mafundi wa majahazi wa Lamu na Zanzibar: kiumbe wa baharini anayetoboa mbao mpaka zibaki kama sega. Mwaka 1731 Waholanzi waligundua kwamba nguzo za mbao zilizokinga maboma yao ya bahari zilikuwa zimeliwa naye, na hofu iliyofuata iliwafanya waanze kufunika maboma kwa mawe. Palipobaki mbao, walitafuta miti anayoshindwa kuila kwa urahisi. Basralocus ilitoka Suriname, koloni lao. Baadaye azobé ya Kameruni ndiyo ikawa mbao ya maji ya Uholanzi, na mpaka leo nikiona tamko la azobé iliyopasuliwa kwa vipimo vinene, bado mbichi, siulizi inakwenda wapi. Kwa madirisha walichukua meranti ya Asia ya Kusini-Mashariki, eneo walilofanya nalo biashara kwa karne nyingi.

Ubelgiji ilikuwa na Kongo. Sina haja ya kuwaeleza wasomaji wa Kiswahili maana ya sentensi hiyo. Afrormosia, iroko, sapelli, wengé zilifika Antwerp kwa meli za kikoloni, na maseremala wa Flanders na Wallonia walijifunza kuzipenda. Ingia nyumba ya zamani ya mtu wa tabaka la kati hapa, ngazi na milango vitakuonyesha. Baada ya uhuru mwaka 1960 uhusiano haukukatika, ukapanuka kuelekea Kameruni, Gabon na Kongo-Brazzaville. Kitu kilichokua Antwerp kwa miaka hiyo yote ni biashara ya ghala. Mfanyabiashara wa hapa anaagiza meli nzima ya aina nyingi, anaziweka chini ya paa, halafu anauza kitita kimoja kimoja kwa Mfaransa, Mjerumani, Mwingereza, Mholanzi. Anayehitaji mbao kumi za padouk nyekundu kwa kazi ya wiki ijayo hawezi kungoja meli. Anapiga simu Antwerp.

Kwa hiyo mstari wa Ubelgiji kwa muda wote umebeba nchi nyingine ndani yake. Ubelgiji ina watu wasiofika milioni 12, Uholanzi imepita milioni 18. Miaka ya karibuni Ubelgiji ndiyo inayoongoza Umoja wa Ulaya kwa kuingiza mbao za kitropiki zilizopasuliwa, mbele ya Uholanzi na Ufaransa. Mtu akiniambia hizo zote zimetumika kwenye milango ya Wabelgiji, namwomba atembee mitaani Ghent ahesabu milango.

Sasa kuhusu miaka. Ulinganisho wa muda mrefu una mitego ambayo haimo kwenye ulinganisho wa mwaka mmoja, na huu ndio upande ambao mtoto wa kaka yangu aliupokea kwa mshangao zaidi. Mpaka mwaka 1998 takwimu za biashara za Ubelgiji na za Luxembourg zilitolewa pamoja. Kutengana kwake mwaka 1999 kunakata mfululizo. Tarehe 1 Januari 1993 soko la pamoja la Ulaya liliondoa fomu za forodha kwenye mipaka ya ndani, na kuanzia siku hiyo mbao zinazovuka kutoka Antwerp kwenda Roosendaal zinajulikana kwa taarifa za makampuni tu. Ukiona kushuka kwa ghafla kati ya 1992 na 1993, usitafute sababu msituni.

Kwa mbao ngumu za Ulaya yenyewe, mwaloni na mfune, mtego ni upanuzi wa Umoja. Mwaloni wa Kroatia ulikuwa bidhaa ya kutoka nje hadi katikati ya 2013. Kroatia ilipojiunga Julai mwaka huo, mwaloni ule ule, kwa lori lile lile, ukaacha kuwa uagizaji wa kutoka nje ya Umoja. Kwa Poland, Slovakia na Hungaria ilitokea 2004, kwa Romania 2007. Uingereza ilikwenda kinyume: tangu Januari 2021 kitita kinachouzwa kutoka ghala la Antwerp kwenda London kinahitaji tamko la kutoka na tamko la kuingia, kwa hiyo biashara ambayo zamani ilisomeka kwa taarifa za makampuni na makadirio sasa inasomeka kwa kilo.

Namba za bidhaa nazo zinabadilika. Mbao zilizopasuliwa zenye unene wa zaidi ya milimita 6 ziko kwenye kichwa cha 4407, magogo 4403, vinia 4408. Sapelli na iroko zilipata namba zao wenyewe mwaka 2007. Kabla ya hapo zilikaa pamoja na miti mingine. Msaji ulipata yake 2022. Atakayekuonyesha mstari wa sapelli wa Uholanzi kuanzia 1995, mwombe akueleze ameutoa wapi.

Halafu kuna kipimo. Wapo wanaolinganisha kwa tani kwa sababu tani zinapatikana kwa kila bidhaa. Sapelli kavu ina kilo kama 650 hadi 700 kwa mita moja ya ujazo. Azobé hupita kilo 1,000, na ikiwa mbichi ni nzito zaidi. Tani 100 za sapelli kavu ni karibu mita 150 za ujazo, tani 100 za azobé hazifiki mita 100. Nchi inayojenga kingo za mifereji ikilinganishwa kwa tani na nchi inayotengeneza ngazi, ya kwanza itaonekana mlafi bila kosa. Na hata neno tani lenyewe si la kuaminiwa: msafirishaji wa Malaysia huuza mbao kwa tani ya futi za ujazo 50, ambayo ni ujazo wa mita 1.416 na haina uhusiano na mizani. Karani mgeni akiichukua tani hiyo kutoka kwenye ankara na kuiandika kwenye sehemu ya uzito, mwezi mzima wa nchi unaharibika. Ndiyo maana ankara za Kuching na Port Klang huwa nazikagua mimi mwenyewe kabla hazijaondoka ofisini.

Lakini badiliko kubwa kuliko yote limetokea Afrika, na hapa nazungumza kwa furaha kidogo. Mwaka 2010 Gabon ilipiga marufuku kusafirisha magogo. Kongo-Brazzaville ilifuata mwaka 2023. Nchi moja baada ya nyingine zimetaka msumeno ulie kwao, vijana wao wapate kazi, na kinachosafirishwa kiwe kimeongezwa thamani. Matokeo yake kwenye tamko langu ni kwamba ujazo unapungua bila miti kupungua kwa kiasi hicho. Gogo likipasuliwa huko, maganda, vumbi na vipande vyake vinabaki huko, na kinachofika kwangu ni sehemu tu ya mti. Likipigwa randa na kuchongwa kwa ajili ya sakafu za nje, linaingia kichwa cha 4409 na kutoweka kwenye 4407. Mbao zilizounganishwa kwa gundi kwa ajili ya fremu za madirisha, ambazo Waholanzi wanazinunua kwa wingi, zinaandikwa mahali pengine tena. Anayetazama 4407 peke yake kwa miaka ishirini ataona kushuka ambako sehemu yake ni kuhama tu kutoka namba moja kwenda nyingine.

Baada ya kuyapunguza hayo yote, kinachobaki mkononi mwangu ni hiki. Nchi zote mbili zinatumia mbao za kitropiki kidogo sana kuliko mwanzoni mwa karne hii. Msukosuko wa fedha wa 2008 ulisimamisha ujenzi, na ujenzi uliporudi haukuzirudia mbao kama zamani: plastiki na aluminiamu zilikwisha kuchukua madirisha, na mbao laini zilizobadilishwa kwa kemikali, kama Accoya inayotengenezwa Arnhem tangu 2007, zikachukua sehemu nyingine. Kushuka kwa Uholanzi ni kwa kweli, ila si kukubwa kama mstari unavyodai, maana sehemu ya walichoacha kuagiza wenyewe wanakuja kukichukua kwetu. Uimara wa Ubelgiji nao ni wa kweli, wa biashara ya ghala.

Sheria ya Ulaya iliongeza mwendo huo, na jambo hilo sijaona watu wengi wakilitaja. Tangu tarehe 3 Machi 2013, anayeweka mbao kwenye soko la Umoja kwa mara ya kwanza anabeba wajibu wote wa kuchunguza kama zilikatwa kihalali. Anayenunua kwake anatakiwa tu kutunza kumbukumbu za aliyemuuzia na aliyeuziwa. Fundi mdogo wa Kiholanzi aliyekuwa akiagiza kontena mbili tatu kwa mwaka kutoka Douala aliutazama wajibu huo, akatazama faini, akaamua kununua Antwerp. Niliwaona wakiacha mmoja mmoja. Mbao waliendelea kuzitumia. Jina la nchi yao ndilo lililotoka kwenye tamko langu, likabaki la Ubelgiji.

Kuna tofauti moja ambayo haionekani kwenye jedwali lolote la forodha, na kwangu ndiyo yenye uzito. Mteja wa Kiholanzi, hasa anayejenga kwa fedha za serikali au manispaa, huuliza cheti cha usimamizi wa msitu kabla ya kuuliza bei. Tabia hiyo ilianza kwenye mabishano makali ya miaka ya 1990, wakati manispaa kadhaa za kule zilikataa kabisa mbao za kitropiki, na baadaye zikakubali zilizo na cheti. Mteja wa Kibelgiji kwa miaka mingi aliuliza rangi, ukavu, na kama mzigo upo. Sasa naye anauliza karatasi, lakini bado kwa mpangilio mwingine. Forodha haina kisanduku cha cheti. Mita ya azobé kutoka eneo lililokaguliwa na mita ya azobé kutoka mahali ambapo hakuna aliyekagua zina namba moja, asili moja, uzito mmoja. Ningekuwa na mamlaka ya kuongeza kisanduku kimoja tu kwenye tamko, ningeongeza hicho.

Kwa miti michache karatasi inasema zaidi. Afrormosia iko kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu 1992, na haitoki Matadi wala haiingii Antwerp bila kibali cha pande zote mbili. Mkutano wa Panama wa Novemba 2022 uliingiza afzelia, padouk na mahogani za Afrika za jenasi ya Khaya, ile ambayo Tanzania mnaijua kama mkangazi. Ipe na cumaru za Amerika Kusini zilianza kubanwa Novemba 2024. Kwa miti hii naweza kufuata mzigo kutoka eneo la ukataji hadi ghalani, na wanafunzi wanaotaka kulinganisha nchi mbili kwa haki nawashauri waanzie kwenye kumbukumbu za vibali vya CITES kabla ya kugusa kitu kingine. Mtoto wa kaka yangu amefanya hivyo. Anachukua vilivyosajiliwa kutoka Kongo, anaviweka kando ya vilivyosajiliwa kuingia Ubelgiji na Uholanzi, na anajumlisha miaka mitatu mitatu, kwa kuwa meli inayoondoka Desemba huandikwa mwaka mmoja kule na mwaka mwingine huku. Mistari yake mipya haina mvuto kama ya kwanza. Nami naiamini.

Aliniuliza pia kuhusu mbao zinazotoka Ituri na Kivu Kaskazini kwa malori, zikavuka Uganda hadi Nairobi na Mombasa. Nilimwambia ukweli, kwamba mimi siwezi kumsaidia hapo. Hizo hazipiti mezani kwangu wala kwa wenzangu wa Rotterdam, na mtu anayetaka kujua msitu wa mashariki mwa Kongo unakwenda wapi atapata kidogo sana kwenye vitabu vya Ulaya. Magogo ya kitropiki ya dunia yanakwenda China kwa wingi kuliko mahali pengine popote. Ulaya ni mnunuzi mdogo kuliko inavyojiona, ingawa bado inalipa vizuri na inauliza maswali.

Sheria mpya ya Umoja, ya mwaka 2023, inataka kila mwagizaji atoe alama za ramani za kipande cha msitu mbao zilikotoka, na kuthibitisha kwamba hakikufyekwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Imeahirishwa zaidi ya mara moja, na wateja wangu wengi walichoka kungoja kabla haijaanza. Mimi naingoja kwa hamu. Tamko la uchunguzi linapata namba yake, na anayenunua kwa mwagizaji anatakiwa kuitunza namba hiyo. Kwa hiyo fundi wa Brabant anayechukua kitita ghalani Antwerp atakuwa, kwa mara ya kwanza, na kitu kinachomfunga na kipande fulani cha msitu wa Kameruni, hata kama jedwali la nchi yake linasema amenunua Ubelgiji.

Wakati huo huo wateja wanaendelea kupanga. Wawili kati ya wateja wangu wakubwa wameniomba niandae kutolea mizigo yao Vlissingen kuanzia robo ijayo, kwa sababu gati ni nafuu na ukaguzi hauna foleni. Mbao zitatoka kwenye viwanda vile vile, zitalala kwenye maghala yale yale ya Antwerp baada ya safari fupi ya lori, na zitauzwa kwa watu wale wale. Takwimu za mwaka zikitoka, mstari wa Ubelgiji utakuwa umeshuka na wa Uholanzi umepanda. Nimeshamwandikia mtoto wa kaka yangu tarehe ya kuanza na majina ya miti, ili ajue la kuandika kwenye maelezo ya jedwali lake.